Mapendo na sahani ya maharagi



Muhula huu Mchungaji wetu anatufundisha kila siku ya tatu asubuhi juu ya mapendo: kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Tunasikiliza vizuri. Tunaimba vizuri pia, na korali yetu inasifiwa mpaka mjini. Lakini ibada inakwisha saa moja na nusu, na saa sita na nusu tunaingia refektwari. Kati ya saa hizo mbili, mafundisho yanapotelea wapi? Hilo ndilo ulizo langu leo.

Mimi ninaona hivi: mapendo ni somo, na kila somo liko na mazoezi yake. Mwalimu wa hesabu anaweza kueleza ubaoni saa nzima, na sisi wote tukaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, tumeelewa. Siku ya enterogasio ndipo inaonekana nani alifanya mazoezi katika daftari, na nani aliitikia tu. Kwa mapendo ni vile vile. Mahubiri ni ubao. Daftari letu la mazoezi, sisi tunaokaa internati, ni refektwari, mara mbili kwa siku. Na daftari hilo leo liko na makosa mengi ya rangi nyekundu.

Nisieleweke vibaya. Sitaki kumtaja mtu yeyote kwa jina, wala kumchongea mtu kwa Bwana Prefe. Nataka tuangalie jambo moja ambalo wote tunaliona kwa macho yetu na hakuna anayelisema.

Wote tunajua ginsi mambo yalivyotokea. Mwisho wa mwezi wa sita 2024, vita vilipofika Kanyabayonga, watu walipanda barabara kuelekea Lubero na Butembo, mizigo kichwani, watoto mgongoni. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 ikawa zamu ya Goma. Kati ya watu hao walikuwamo vijana wa umri wetu, na shule yetu ilipokea wengine. Walifika bila matela, bila bido ya maji, na wengine bila buletini ya mwaka uliopita, kwa sababu mtu anayekimbia risasi harudi ndani kutafuta karatasi. Siku ya kuwakaribisha tuliwapigia makofi, tukawaimbia. Vizuri sana. Lakini makofi hayashibishi mtu.

Sasa tuingie refektwari. Meza zetu zimejipanga zenyewe, hakuna aliyeandika sheria. Wenyeji wako mbele, karibu na jiko. Mafinalisti wako na meza yao. Wale wa upande wa Masisi wamekaa pamoja, wale wa Rutshuru pamoja, na meza zao ziko karibu na mlango, penye baridi. Kila meza na lugha yake: hapa Kinande, pale Kihunde, kule Kinyarwanda. Sufuria inaanza mbele. Kwa rafiki yake, mgawaji anaingiza kijiko kikubwa mpaka chini na maharagi yanapanda. Kwa yule asiyemjua anapitisha kijiko juu juu, na kinachopanda ni maji. Wakati sufuria inafika mlangoni, utasikia: "Bale bakimbizi bakule tu ile inabakia." Hakuna anayepiga mtu, hakuna anayetukana kwa sauti. Na baadaye tunafunga macho wote pamoja na kumshukuru Mungu kwa chakula.

Ndugu zangu, ni sala gani hiyo?

Nikizungumza na wenzangu juu ya jambo hili, ninapata majibu matatu. Acha nijibu moja moja.

Jibu la kwanza linasema: "Kapita, wewe unaleta mambo ya tumbo. Sisi ni shule ya kikristo. Kwanza tumpende Mungu, tusali, tusome Neno. Mambo ya jirani yatafuata." Jibu hili linapendeza masikio, lakini Bwana Yesu mwenyewe halikubali. Alipoulizwa amri iliyo kubwa (Matayo 22), alitoa mbili, akasema ya pili inafanana na ya kwanza. Ya kwanza iko katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6. Ya pili iko katika Walawi sura ya 19. Wengi wetu tunajua amri hiyo ya pili kwa kichwa, lakini sura yenyewe hatujaifungua. Ifungueni usiku wa leo! Utashangaa. Sura ile haisemi mapendo ya moyoni peke yake. Inasema juu ya kuacha pembe za shamba bila kuvuna, ili maskini na mgeni wapate kitu. Inasema usilale na mshahara wa mfanyakazi wako mpaka asubuhi. Inasema usimtukane kiziwi, usimwekee kipofu kitu cha kumwangusha. Karibu na mwisho, shairi la 34, inaamuru kumpenda mgeni kama wewe mwenyewe, kwa sababu Waisraeli nao walikuwa wageni kule Misri. Na mara moja baada ya hapo, shairi la 35 na la 36, inaingia katika mizani na vipimo: kipimo kiwe cha haki!

Mnaona? Mungu alisema juu ya mgeni, na hakungoja ukurasa mwingine kusema juu ya kipimo. Na kijiko cha refektwari ni nini, kama siyo kipimo?

Mtume Yoane naye, katika barua yake ya kwanza, sura ya 4, anamwita mwongo mtu anayesema anampenda Mungu huku anamchukia ndugu yake. Sababu anayotoa ni rahisi: ndugu unamwona, Mungu humwoni. Kama umeshindwa zoezi jepesi, tutaamini namna gani kwamba umefaulu lile gumu?

Na juu ya sala, nisisikilizwe kama mtu anayedharau sala. Tuchukue mfano wa hapa kwetu Kivu. Daktari Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955, ni mtoto wa mchungaji wa kiprotestanti. Ameeleza mara nyingi kwamba alipokuwa mtoto alimfuata baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Baba alisali. Kijana akauliza kwa nini baba hakumpa mgonjwa dawa, na baba akamjibu kwamba dawa ni kazi ya munganga. Hapo yule kijana akakata shauri: baba atasali, na yeye atatoa dawa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi kule Bukavu, inayosimamiwa na kanisa, ambako wanawake wengi sana walioumizwa katika vita wametunzwa. Na mwaka 2018 alipewa tuzo la Nobel la amani. Baba hakuacha kusali, na mtoto hakusema sala ni bure. Mambo mawili yalitoka katika nyumba moja. Sisi tuko na sala. Tumekosa ile sehemu ya mtoto.

Jibu la pili ni la watu wa hesabu: "Chakula ni kidogo. Wazazi wetu walilipa minervali na pesa za internati. Wale wengine hawajalipa zote. Haki iko wapi?" Jibu hili silidharau, kwa sababu ninajua ginsi wazazi wanavyoteseka. Tangu mwaka 2019 serikali iliamua kwamba shule za msingi za umma ziwe za bure, lakini sekondari haikuingia katika uamuzi ule. Sisi bado tunalipa, na kila mwanzo wa muhula kuna machozi katika nyumba nyingi.

Lakini fikirini vizuri. Yule wa Kanyabayonga, baba yake alilipa kwa nini zamani? Kwa kahawa, kwa viazi, kwa maharagi yale yale tunayogombania hapa. Alipokimbia, shamba halikukimbia naye. Yeye siyo mvivu, na siyo mwizi. Tena, ni wakubwa wa shule waliomkubali na kukata shauri juu ya deni lake. Hakuna meza iliyopewa kazi ya kukusanya deni hilo kwa kijiko. Kama chakula ni kidogo, kipungue kwa wote. Njaa ikigawanywa sawasawa inavumilika. Ikiwekwa juu ya meza mbili peke yake, inazaa chuki. Na chuki tumeiona matunda yake katika jimbo hili. Watu waliochomeana nyumba hawakuanza siku ile ya moto. Walianza zamani, kwa maneno madogo kama "uyu haiko wetu".

Jibu la tatu ndilo gumu zaidi, na linatoka kwa watu wa kweli: "Kapita, moyo wangu haumpendi yule. Nikimgawia vizuri bila kumpenda, siyo unafiki?" Hapana, ndugu yangu. Mtu anayejifunza Kifaransa anaanza kukisema vibaya, anachekwa, anasema tena. Hangoji kwanza kukijua ndipo afungue kinywa. Tuangalie yule Msamaria wa Luka sura ya 10. Juu ya moyo wake Injili inasema kitu kimoja tu: alimhurumia. Yote mengine ni kazi ya mikono na miguu. Alimkaribia, alifunga vidonda, alitia mafuta na divai, alimpandisha juu ya mnyama wake, alimpeleka kwenye nyumba ya wageni, alimtunza, na kesho yake alitoa dinari mbili na kuahidi kurudi. Dinari moja ilikuwa mshahara wa siku moja wa mfanyakazi. Basi alitoa kazi ya siku mbili kwa mtu ambaye hakujua jina lake, tena mtu wa kabila ambalo halikupatana na kabila lake. Baada ya kumtunza mtu namna hiyo, unafikiri moyo unabaki vile vile? Anza na mkono. Moyo utafuata nyuma, hata kama unachechemea.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo lilinifanya niandike. Mnajua ugomvi mkubwa wa kwanza ndani ya kanisa la Yerusalemu, kati ya waamini wengi, ulikuwa juu ya nini? Someni Matendo ya Mitume sura ya 6. Ulikuwa juu ya chakula na lugha! Waamini waliosema Kigriki walinung'unika juu ya wale waliosema Kiebrania, kwa sababu wajane wao walisahauliwa katika kugawa chakula kila siku. Wenyeji wako mbele, wageni wako mlangoni. Ni refektwari yetu kabisa.

Mitume walifanya nini? Hawakusema, "Nyamazeni, haya ni mambo ya tumbo." Hawakuwafukuza waliolalamika. Waliita mkutano wa wote, wakaomba wachaguliwe watu saba, wenye sifa njema, wenye Roho Mtakatifu na akili. Ndiyo, kugawa chakula kulihitaji Roho Mtakatifu! Na majina ya wale saba yameandikwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Yasomeni polepole. Yote saba ni majina ya Kigriki. Kwa hiyo mimi ninaelewa hivi: kanisa lilichukua kijiko na kukiweka katika mikono ya upande ule uliolalamika. Wenyeji walikubali kupokea sahani kutoka kwa wageni. Na mara baada ya habari hiyo sura ile inasema Neno likaenea, na hesabu ya wanafunzi ikaongezeka sana kule Yerusalemu. Jambo la sufuria lilitengenezwa, na mahubiri yakapata nguvu.

Nataka niseme pia neno kwa ninyi mliofika kwetu, kwa sababu mapendo si barabara ya upande mmoja wa mlima. Mmepata mateso, hilo hatutalisahau. Lakini wengine kati yenu hawatoki kwenye salongo ya siku ya posho, wanasema, "Sisi tunapita tu hapa." Wengine wanatucheka, kwamba sisi ni watu wa milima na hatujaona mji. Msiseme hivyo. Anayekula pamoja nasi ateke maji pamoja nasi. Mgeni naye yuko na mazoezi katika daftari lake: kuamini kwamba siyo kila mwenyeji anamchukia, na kusema wazi anapokosewa, kuliko kununa pembeni na watu wa lugha yake.

Basi, maneno peke yake hayatoshi. Naleta mambo matano mbele ya Bwana Prefe, Mchungaji, na kamati ya wanafunzi:

1. Meza zichanganywe kwa kura, kila mwanzo wa mwezi. Karatasi katika kofia, kila mtu achukue namba yake. Asiwepo mtu wa kuchagua meza, hata finalisti.

2. Anayegawa apokee sahani ya mwisho. Sheria hii ni ya wazee, tunaijua nyumbani: anayekata nyama hachagui kwanza. Mtu akijua kwamba sahani yake ndiyo ya mwisho, kijiko chake kitakuwa cha haki bila polisi.

3. Kati ya wagawaji wachaguliwe pia wale wanaokaa leo karibu na mlango. Tufuate mfano wa Yerusalemu.

4. Neno "mkimbizi" lisitumiwe tena kama jina la mtu. Kila mmoja aliitwa jina na mama yake. Mezani tuseme Kiswahili au Kifaransa, ili mtu asifikiri anasengenywa. Kinande, Kihunde na Kinyarwanda ni lugha nzuri za Mungu, ziko na saa zake.

5. Ile "sahani ya kapita" iishe. Wapya labda hawajui: tangu zamani kapita na mafinalisti wanatengewa sahani zao jikoni, na siku ya nyama vipande vizuri vinaingia humo kwanza. Nimekwisha kumwambia mama mpishi kwamba, kwa upande wangu, kuanzia siku ya kwanza ya juma lijalo nitapanga mstari kama wengine na kupokea kitakachobaki. Wenzangu wa darasa la mwisho wamekasirika. Wananiambia, "Tuliteseka miaka mingi tukingoja haki hii, na wewe unaitupa!" Ninawaelewa. Lakini haki ya kungojea miaka sita ili umlie mtoto wa darasa la saba nyama yake, hiyo ni haki ya nani? Tumebakiza miezi michache hapa. Tunataka watukumbuke kwa mfupa?

Walimu wetu wapenzi, kwenu naomba jambo moja dogo. Mnakula katika chumba chenu, na mko na kazi nyingi, tunajua. Lakini mwalimu mmoja akikaa nasi mezani mara moja kwa juma, akila kile tunachokula na kupokea kwa kijiko kile kile, atafundisha zaidi ya mahubiri matatu.

Ndugu finalisti, sisi tunajitayarisha kwa mtihani wa Serikali. Tunaamka saa kumi usiku, tunasoma kwa tochi, tunashika formula kwa kichwa. Vizuri, tuendelee. Ila mtihani ule tutaufanya siku chache, na mtu atakayesahihisha hatujui. Mtihani huu mwingine tunaufanya kila siku saa sita na nusu, na yule anayesahihisha amekaa ng'ambo ya meza, na sahani mkononi.

Kamati ya wanafunzi itakutana siku ya tano, baada ya chakula cha jioni, katika chumba cha darasa la mwisho. Milango iko wazi kwa wote. Mwenye wazo lingine alilete, na mwenye kupinga aje apinge mbele yetu, tumsikilize. Nimewaomba hasa wale wa meza za mlangoni wakae viti vya mbele.

Bwana awabariki na kutupa sote nguvu ya kuanza.

Ni mimi ndugu yenu,
Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho.